Kisanduku Kilichochoka Kabla ya Daraja

Katika nyumba ile kila kitu kilivaa nguo. Redio ilikuwa na gauni la bluu. Jagi la maji lilivaa kofia ya kusokotwa, yenye shanga pembezoni. Viti vilivaa, meza ilivaa, hata pasi ilikuwa na koti lake. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hakupenda kuona kitu kimekaa uchi kwenye vumbi. Kitambaa kikibaki kidogo, kabla ya jua kuzama kilikuwa kimeshapata mtu wa kukivaa, yaani chupa au kikapu.

Mumewe aliitwa Dereva. Kwa miaka thelathini aliendesha treni. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Sasa alikaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, mguu juu ya mto, fimbo pembeni.

Alasiri zao zilifanana. Fundi alishona. Dereva alitazama televisheni, na alitazama filamu moja tu. Mtu fulani alikuwa amefunga kamera mbele ya treni, na treni ilikuwa inapita milimani. Hakuna aliyesema neno ndani ya filamu hiyo. Ni reli tu zilizokuja, zikapita chini, zikaja tena. Ukungu ulifunguka na kutanda tena. Cherehani ililia taka-taka-taka, na mtu angedhani sindano ya Fundi ndiyo inayozishona reli zile ardhini. Mara nyingine Fundi aliinua macho na kwa muda mfupi hakujua kinachosafiri ni milima au ni chumba chao.

Halafu treni ilikaribia daraja refu, na picha ikaganda. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo.

"Taa nyekundu," alisema Dereva. "Tusubiri."

Walisubiri. Wakati mwingine sauti iliendelea peke yake, picha ikabaki nyuma. Wakati mwingine kila kitu kilizimika. Dereva hakuwahi kuvuka daraja lile.

Filamu hiyo ilitoka kwenye intaneti. Televisheni yao ilikuwa ya zamani, haikujua intaneti ni mnyama gani. Kwa hiyo binti yao aliwaletea kisanduku cha Android. Kilikuwa cheusi, kidogo kama vipande viwili vya sabuni vilivyolazwa bega kwa bega. Waya mmoja ulikwenda kwenye televisheni, mwingine kwenye umeme. Kisanduku kilichota picha kwenye intaneti na kuzimimina kwenye kioo.

Binti huyo alikuwa anasomea ukunga, mbali, safari ya siku mbili. Jumamosi ile angehitimu. Daktari alikuwa amemkataza Dereva safari ndefu, na Fundi hakuweza kumwacha peke yake. Lakini chuo kingerusha sherehe moja kwa moja kwenye intaneti.

Binti alipiga simu Jumapili.

"Mama, kisanduku kinafanya kazi?"

"Kinafanya," alisema Fundi, akatazama kiduara kinazunguka. "Kinafanya, kikitaka."

"Jamani, mama! Jina langu likisomwa, napanda, napewa cheti, nashuka upande wa pili. Ni sekunde sita. Nimezihesabu kwenye mazoezi. Na chuo hakiweki marudio."

"Tutatazama kwenye simu, basi."

"Baba ataona nini kwenye simu? Si mlisema kioo kidogo kinamtia kizunguzungu?"

Dereva alinyoosha mkono mzima, akaomba simu. "Mwanangu, nimesubiri treni zilizochelewa siku nzima. Sekunde sita hazinishindi."

Lakini Fundi alimwona alivyoirudisha simu polepole. Mtu hushindwa na dakika moja akiwa na njaa nayo.

Alasiri hiyo Fundi alisinzia juu ya cherehani. Aliota binti yake yuko jukwaani, amenyoosha mkono kupokea cheti. Mkono ukaganda hewani. Juu ya kifua chake kiduara kikawa kinazunguka, kinazunguka, na watu ukumbini wakainuka mmoja mmoja, wakatoka, wakazima taa. Alipoamka, uzi ulikuwa umekatika.

*

Wa kwanza kuja kusaidia alikuwa kaka yake Fundi. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango ya chuma, na aliitwa Bwana Haraka. Hakukasirikia jina hilo. Alisema lingekuwa refu kidogo, asingekuwa na muda wa kulisubiri.

"Shemeji, hii ni kazi ya dakika mbili," alisema.

"Dakika mbili zako nazijua," alijibu Dereva. "Mlango wangu wa nyuma ulikuwa wa dakika mbili. Mpaka leo unafungwa kwa kamba."

Bwana Haraka alizima kisanduku, akakiwasha. Akafuta programu mbili. Akanunua bando kubwa zaidi la intaneti. Akasogeza ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, akaiweka juu ya kabati. Akapiga kisanduku kofi dogo, kwa adabu. Vyote hivyo alivifanya kwa mpigo. Jioni hiyo aliweka mpira, ukaenda nusu saa bila kukwama, kisha wakazima wakale.

"Mnaona? Bando!" alisema Bwana Haraka. "Intaneti yenu ilikuwa nyembamba."

Kesho yake, Jumatatu alasiri, treni ilikaribia daraja na picha ikaganda.

"Basi kisanduku ni kibovu," alisema Bwana Haraka kwenye simu. "Kitupeni. Tafuteni kingine kabla ya Jumamosi."

Kisanduku kile binti alikinunua kwa posho yake ya mafunzo. Kukitupa ilikuwa kama kumwambia amenunua takataka.

Alasiri hiyo hiyo jirani yao alikuja kuchukua sare yake ya kazi. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Aliajiriwa na idara ya maji, kusoma mita na kutafuta mabomba yanayovuja. Watu walimwita Bi Mita. Vifaa vya umeme alijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuharibu vya kwake.

Alikuta chumba kimenuna.

"Nani amefariki?" aliuliza taratibu.

"Kisanduku," alisema Dereva. "Maiti iko pale, inasubiri kuzikwa. Shemeji yangu ameshachimba kaburi."

Fundi alimweleza yote. Bi Mita alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, baada ya kaka yako kufanya yale mambo matano, kikaenda nusu saa. Ni lipi kati ya yale matano lililosaidia?"

Fundi alifikiri. "Sijui."

"Hata yeye hajui. Bomba likivuja mtaani, mimi sifungi koki zote kwa pamoja. Nikizifunga zote maji yatakoma, ndiyo, lakini nitakuwa sijui tundu liko wapi. Nafunga moja, natazama. Nafungua hiyo, nafunga nyingine." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Msikihukumu kabla hamjakipima. Una daftari?"

Fundi alimletea daftari la vipimo vya wateja. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na kiuno na mabega ya mtu. Kwenye ukurasa wa pili Bi Mita aliandika: *Filamu ile ile. Saa ile ile. Badilisha kitu kimoja tu.*

"Na wewe ndiye utakayeandika," alimwambia Fundi. "Unajua kupima kuliko mimi. Ungemkata mteja nguo kwa kukisia?"

"Hata siku moja!"

"Basi na hiki ni mteja."

Walianza papo hapo. Kwanza hawakubadilisha chochote. Walizima kisanduku, wakakiacha kipumzike, wakakiwasha na kuanza filamu mwanzo. Fundi alitazama saa ya ukutani. Picha iliganda dakika ya ishirini na nne. Akaandika.

"Sasa tupime bomba lenyewe," alisema Bi Mita. Kwenye kisanduku alifungua programu ya kupima kasi ya intaneti. Namba zilipanda, zikashuka, zikatulia kwenye megabiti kumi na nane kwa sekunde.

"Hiyo ni nyingi au kidogo?" aliuliza Fundi.

"Kwa picha safi ya kawaida, tano au sita zinatosha. Mnayo ya kutosha na ya kuazima jirani." Akatabasamu. "Jirani hajaomba lakini."

"Kwa hiyo bando kubwa..."

"Halikuwa na kosa lolote kununuliwa. Halikuwa dawa tu."

Fundi aliandika: *Intaneti nzuri.* Ilikuwa ajabu kwake, kuandika kitu ambacho si tatizo. Lakini alijisikia kama mtu aliyefunga mlango mmoja katika nyumba yenye upepo mwingi.

*

Jumanne Dereva alikuwa na neno. Usiku kucha alikuwa amelifikiria.

"Bi Mita, kinakwama kila mara kwenye daraja. Huenda filamu yenyewe ni mbovu hapo. Reli huwa na sehemu kama hizo. Kila gari linalopita linayumba pale pale."

"Wazo zuri, mzee. Tulipime."

Waliwasha kisanduku kikiwa kimepumzika. Safari hii hawakuanza mwanzo. Kwa rimoti Fundi alisogeza filamu mbele, mpaka mahali ambapo daraja huonekana kwa mbali. Akabonyeza.

Treni ilikwenda. Ukungu ulifunguka. Nguzo za daraja zilisimama bondeni, ndefu, nyeupe, kama watu waliokunja suruali wavuke mto. Treni ikaingia juu yake. Chini kabisa maji yaling'aa, yakapita, yakapita, na hakuna aliyepumua. Kisha ng'ambo ikaja, na msitu ukawameza.

"Kumbe kuna msitu," alisema Dereva. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea kanisani au msikitini. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Dakika ishirini na sita tangu waanze, ndani ya msitu, picha iliganda.

"Eh," alisema Bi Mita. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyesalimiwa na rafiki. "Dada, andika. Kosa halimo kwenye daraja. Kosa limo kwenye saa. Kisanduku hiki kinaanza vizuri, halafu kinachoka."

Jumatano walipima hifadhi, yaani ghala ambamo kisanduku huweka vitu vyake. Fundi mwenyewe alifungua mipangilio, Bi Mita akimwelekeza kwa maneno bila kugusa rimoti. Ghala lilikuwa limejaa pomoni. Ndani mlikuwa na michezo ya magari, na programu ya kufundisha kupiga gitaa.

"Nani anapiga gitaa hapa?" aliuliza Bi Mita.

"Kaka yangu alitaka kujifunza," alisema Fundi.

"Kwa dakika mbili," alisema Dereva.

Walifuta visivyotumika. Kisanduku kikawa kinafungua programu mara moja, bila kusitasita. Fundi alifurahi, akadhani wamemaliza. Lakini dakika ya ishirini na tano, kiduara kile kikarudi.

Fundi aliweka kalamu chini. "Zimebaki siku tatu," alisema. "Labda kaka yangu alisema kweli."

"Labda," alisema Bi Mita. "Lakini leo tumejua zaidi ya jana. Kesho tutajua zaidi ya leo."

Usiku huo Dereva alilala akiwa ameugeukia ukuta. Hakutania. Fundi alimsikia akihesabu chini kwa chini, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha akaanza tena.

*

Alhamisi, picha ilipoganda, Bi Mita alisema, "Dada, ukitaka kujua mtoto ana homa unafanyaje?"

"Namgusa kwa kiganja."

"Mguse huyu."

Fundi alikwenda kwenye meza ya televisheni. Akaingiza mkono chini ya kitambaa alichokivisha kisanduku, akautoa haraka.

"Mama yangu! Kinaungua!"

Hapo ndipo wote wawili walipokitazama kitambaa chenyewe. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha zambarau, kimetariziwa maua, na ndani Fundi alikuwa amekishonea kipande cha blanketi ili kisanduku kisikwaruzwe. Alikuwa amekipima vizuri kabisa. Kilikikaa kisanduku kama glovu. Hakuna upepo ambao ungepenya.

Fundi alihisi uso wake nao unapata joto.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Bi Mita alichomoa waya wa umeme kwanza. "Ndani ya kisanduku kuna kitu kidogo kinachofikiri," alisema. "Kikifikiri sana kinapata joto, na joto hilo hutoka kupitia matundu haya ya pembeni. Likikosa njia, kisanduku hupunguza mwendo wake chenyewe, kisije kikaungua. Sisi tunaona picha imeganda. Chenyewe kinajiokoa."

"Ile jioni ya Bwana Haraka," alisema Dereva taratibu, "kitambaa kilikuwa wapi?"

Fundi alifumba macho, akaiona jioni ile. Kaka yake alikuwa amekivua kisanduku ili akizime. Kitambaa kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa. Asubuhi yeye mwenyewe alikirudisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Dereva. Hapo hapo akaona uso wa mkewe, akaongeza, "Lakini mke wangu, hakuna kisanduku kilichowahi kupendeza vile."

"Kumvisha si kosa," alisema Bi Mita. "Ila huyu ni mtu wa kazi ngumu. Umemvisha koti la baridi akiwa shambani."

Bwana Haraka, ambaye alikuwa ameingia bila kubisha hodi, alisikia neno joto. "Rahisi! Kiwekeni kwenye friji dakika mbili!"

"Hapana!" walisema wote watatu.

"Friji ina unyevu," Bi Mita alimweleza. "Maji yataingia ndani na kukiua moja kwa moja. Kinataka hewa tu. Nafasi ya kiganja kila upande, mbali na jua, kisikae juu ya kifaa kingine chenye joto."

Walikiacha kipoe, wakakiwasha kikiwa kitupu. Dakika ishirini na tano zilipita. Thelathini. Treni ilivuka daraja, ikavuka msitu, ikatokea kwenye uwanda ambao hakuna aliyejua kama upo, wenye nyasi zinazolala na kuinuka kwa upepo. Saa nzima. Saa na robo. Cherehani ilikuwa kimya. Hata Bwana Haraka alikaa.

"Imekwisha, basi," alisema Fundi.

"Bado kipimo kimoja. Kesho saa nne asubuhi, ile saa ya sherehe. Wakati huo watu wengi hutumia intaneti, ni vyema tujue. Na utakivika kitambaa tena."

"Nikivike? Kwa nini?"

"Kama kosa ni kitambaa kweli, kisanduku kitakwama tena. Kisipokwama, tumekosea, na ni afadhali tujue Ijumaa kuliko Jumamosi."

Ijumaa Fundi alikivika kwa mikono yake. Moyoni aliomba kitambaa kiwe hakina hatia. Dakika ya ishirini na tatu, picha iliganda. Akakivua, akasubiri kipoe, akaanza upya. Treni ilikwenda mpaka mwisho wa filamu, mahali ambapo reli zinaingia kituoni na kusimama. Kasi ya intaneti saa ile ilikuwa megabiti kumi na moja, pungufu ya Jumatatu, lakini ya kutosha.

Fundi aliandika matokeo. Mstari wa mwisho aliuandika kwa herufi kubwa: *HEWA.* Kitambaa akakifua, akakikunja, akakiweka kabatini.

*

Jumamosi asubuhi Fundi alikiwasha kisanduku mapema. Alifunga programu nyingine zote. Alichagua picha ya ubora wa kati, kwa sababu Bi Mita alisema picha ya wastani inayotembea ni bora kuliko picha ya kifahari inayosimama. Simu zote za wageni ziliondolewa kwenye intaneti ya nyumba. Bwana Haraka alinung'unika, lakini alizima ya kwake.

Dereva alivaa shati lililopigwa pasi. Aliomba mguu wake ushushwe kutoka kwenye mto. Alitaka kukaa kama mtu mwenye miguu miwili.

Sherehe ilianza. Hotuba ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili ikaizidi urefu. Dakika ya ishirini na tano ilifika. Fundi alibana mkono wa Bi Mita. Mtoa hotuba alipepesa macho, akakohoa, akaendelea. Hakuna mtu aliyewahi kupendezwa kiasi kile na kikohozi cha mtu mwingine.

Majina yalianza. Wahitimu walipita mmoja mmoja kwa joho jeupe, kama kitu kinachopita dirishani mwa usingizi. Fundi aliwatazama mpaka nyuso zikaanza kuogelea. Kisha likasomwa jina alilolichagua yeye mwenyewe, akiwa na mimba ya miezi tisa, kwenye kiti hiki hiki cha kushonea.

Binti alitokea upande wa kushoto. Moja. Akapanda. Mbili. Akanyoosha mkono. Tatu. Mkono haukuganda, ulifika, ulishika cheti. Nne. Aligeuka. Tano. Alitabasamu kuelekea mahali ambapo labda palikuwa na kamera, labda palikuwa na taa tu. Sita. Alishuka ngazi, akatoka nje ya kioo.

Chumba kililipuka. Bwana Haraka alipiga vigelegele kuliko wanawake. Bi Mita alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Fundi alimgeukia mumewe. Dereva aliendelea kutazama pale alipotokea binti yake, huku wahitimu wengine wakipita, na machozi yakimshuka upande mmoja kabla ya mwingine.

Baada ya nusu saa simu iliita. Fundi aliiweka kwenye spika.

"Baba? Baba, uliniona?"

"Nilikuona."

"Kweli? Au mama amekwambia useme hivyo?"

"Kiatu cha kulia kinakubana," alisema Dereva. "Ulipanda vizuri. Ulipogeuka ukaanza kukanyagia ncha za vidole."

Upande wa pili kikaja kicheko, na ndani ya kicheko kilio.

"Baba, jamani! Nimeviazima kwa mwenzangu. Ni vidogo. Hakuna mtu hata mmoja hapa aliyegundua!"

"Mimi nimegundua," alisema Dereva. "Vivue, mwanangu. Umeshafika."